SITI BINTI SAAD: ALIYEFUNIKA USO AKAFUNUA SAUTI

Naamini kama ulikuwa na njaa basi ushakula, manake habari niliyo nayo si ya kusomwa tumbo likinguruma. Mwaka huu mlezi wa Chama chetu cha Kiswahili alitutaka kila mmoja aandike maisha ya mtu mashuhuri aliyetangulia mbele ya haki zamani. Wenzangu wakakimbilia marais na wapiganiaji uhuru. Mimi nikaandika jina la mwimbaji. Darasa zima likaangua kicheko.

Sikushangaa. Wanaonijua wanaujua ugonjwa wangu. Mimi ni mpenzi wa filamu, wa maonyesho ya jukwaani na wa mitindo ya nguo. Filamu ikianza, mimi hutazama mavazi kwanza kabla sijajua nani anamwinda nani. Sengenya ikilia harusini, hata kama nimetumwa maji, mtungi utangoja. Katika kikundi chetu cha maigizo mimi ndiye nishonaye mavazi, tena kwa sindano ya mkono, na vidole vyangu vina ushahidi.

Nyumbani mapenzi haya yameniletea balaa. Baba anataka niwe muuguzi, na mimi sina neno na kazi ya uuguzi. Lakini yeye haamini kuwa jukwaa limewahi kumpa mtu heshima. Kwake, anayeimba mbele za watu ni mhuni, na anayependa nguo ni mpotezaji wa pesa. Kubishana na baba siwezi, adabu hainiruhusu. Basi nikaona nitafute mtu mmoja mkubwa anijibie. Nilimtafuta Kwale, nikamtafuta Mombasa, mwisho nikavuka bahari nikampata Unguja. Jina lake ni Siti binti Saad.

Siti alizaliwa yapata mwaka 1880 katika kijiji cha Fumba, kusini mwa mji wa Unguja. Baba yake alikuwa Mnyamwezi na mama yake Mzigua, watu wa bara waliofika kisiwani katika zama za utumwa. Jina alilopewa mtoto huyo halikuwa Siti. Aliitwa Mtumwa. Hebu simama kidogo hapo, msomaji. Fikiria unaitwa Mtumwa ukitumwa kisimani, unaitwa Mtumwa ukicheza, unaitwa Mtumwa ukilia. Wakati huo sheria ya Unguja ilikuwa bado inamruhusu mtu kummiliki mtu mwenziwe, na haikubadilika mpaka mwaka 1897. Huku kwetu pwani ya Kenya tulingoja zaidi, hadi 1907.

Hapa lazima nizungumzie nguo, na usiseme nimeanza ugonjwa wangu. Zama zile nguo ilikuwa kama kitambulisho. Ukimwona mtu tu, kabla hajafungua kinywa, ushamjua ni nani na wa nani. Watumwa walivaa merikani, kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi kilichopewa jina hilo kwa sababu kilitoka Marekani. Wengine walivaa kaniki, ambayo ni merikani iliyotiwa rangi ya nili ikawa nyeusinyeusi. Kujifunika kichwa na uso ilikuwa alama ya mabibi wa majumbani, wenye mali na nasaba. Mjakazi alitembea kichwa wazi, na kila mtu alijua kwa nini.

Utumwa ulipokomeshwa, jambo la kwanza walilofanya wanawake wengi waliokuwa wajakazi ni kubadilisha nguo. Kaniki wakaitupa, wakanunua kanga. Sisi huku twaiita leso. Ni nguo ileile, mbili kwa doti, na mji wetu wa Mombasa una sehemu yake katika historia hiyo, manake Kaderdina Hajee Essak, aliyefungua duka Mombasa mwaka 1887, ndiye anayesifiwa kwa kuanza kuandika maneno ya Kiswahili kwenye leso. Leso zake zilijulikana kwa alama ya Mali ya Abdulla, na hata leo mtaa wa Biashara hauna mgeni asiyezijua. Baadaye likaja buibui, nalo likavaliwa na bibi na aliyekuwa mjakazi vilevile. Mtu akipita njiani huwezi tena kusema huyu ni wa nani. Wallahi mimi nikisoma habari hii nasema, nani alidai kuwa mitindo ya nguo ni upuuzi?

Turudi Fumba. Wazazi wa Mtumwa walikuwa maskini. Mama yake alikuwa mfinyanzi, na binti naye akaijua kazi hiyo. Vyungu vikishachomwa, vilibebwa kichwani mpaka mjini kuuzwa. Kutoka Fumba hadi mjini Unguja ni zaidi ya kilomita 15, karibu sawa na kutoka hapa Kinango hadi mjini Kwale. Sisi tukikosa matatu siku moja tunalalamika wiki nzima. Yeye alikwenda kwa miguu, na chungu kikianguka ni hasara tupu. Njiani na mitaani alinadi vyungu vyake kwa kuimba. Sauti yake ilitangulia, yeye akafuata. Watu walimjua akiwa bado mbali.

Nilipofika hapo nilimkumbuka mama yangu. Mama huuza maembe na ndimu sokoni hapa Kinango. Akiita wateja, watu wa upande wa pili wa soko hugeuka. Ana sauti, na hakuna aliyewahi kumwambia kuwa ni mali.

Mwaka 1911 Mtumwa alihamia mjini. Alikuwa na umri wa miaka 30 hivi. Kwa mahesabu ya siku hizi tungesema amechelewa. Hakuwa na elimu ya skuli, na wasichana wenzake wa kisiwani hawakuwa nayo pia, maana skuli ya kwanza ya serikali ya wasichana ilifunguliwa Unguja mwaka 1927. Hakuwa na jamaa mwenye cheo. Wala, kwa maneno ya watu wa wakati wake, hakuwa na sura ya kupendeza. Alikuja na sauti.

Sasa taarab ilikuwa wapi siku hizo? Taarab ilikuwa kwa wakubwa. Masimulizi yanasema Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye aliyeileta katika jumba lake, akamtuma Mohamed Ibrahim kwenda Misri kujifunza kupiga ganuni. Mwaka 1905 wapenzi wa muziki walianzisha chama cha Ikhwani Safaa. Wapigaji walikuwa wanaume, na nyimbo ziliimbwa kwa Kiarabu. Watu wa Ng'ambo, yaani upande wa mji walikokaa maskini na waliotoka utumwani, walisikia muziki huo kwa mbali tu, kama vile mtu anavyosikia harufu ya pilau ya jirani.

Mmoja wa watu wa Ikhwani Safaa, Ali Muhsin, aliisikia sauti ya mwanamke huyu wa shamba. Angeweza kuipuuza. Badala yake alimfundisha kuimba kitaarab na kupatana na ala za muziki. Basi wakajitokeza wenzake waliokuja kuwa kundi lake: Subeit bin Ambar, Buda bin Swedi, Mbaruk Effandi Talsam na Maalim Shaaban. Hawa walikuwa wanaume, naye mwanamke pekee kati yao, naye ndiye aliyekuwa nyota. Kwa kuwa hakujua kusoma, nyimbo zote alizihifadhi kichwani. Sisi tukipewa beti nne za shairi tuzikariri kwa tamasha, tunaomba tuongezewe wiki.

Ni katika miaka hiyo ndipo jina la Mtumwa likafa. Akaitwa Siti, neno la Kiarabu lenye maana ya bibi, mwanamke wa heshima. Ebu ona safari hiyo. Kutoka Mtumwa hadi Siti! Wako watu ambao wamebadilisha jina kwa karatasi za serikali, lakini huyu alibadilishiwa na masikio ya watu.

Nami nikaanza kujiuliza jinsi alivyoonekana jukwaani. Ungekuwa wewe mtengenezaji wa filamu, ungemvika nini? Dhahabu, hariri, uso ukimeremeta? Siti alifanya kinyume cha hayo. Aliimba amejitanda buibui na uso wake ameufunika. Wabaya wake wakasema anaficha sura mbaya. Mimi nimelifikiria jambo hili usiku na mchana, na jibu langu ni jingine. Kumbuka nani alikuwa na ruhusa ya kujifunika zama za utumwa. Mtoto aliyeitwa Mtumwa, ambaye mama yake hakuruhusiwa kufunika hata kichwa, anasimama mbele ya masharifu na mabwana akiwa amevaa kama bibi mwenye nyumba yake. Wakitaka kumtazama hawaoni kitu. Wakitaka chochote kutoka kwake itawabidi wasikilize. Kwangu mimi hilo ndilo vazi kali kuliko mavazi yote niliyoyaona katika filamu.

Na walisikiliza kweli. Alialikwa kwenye harusi na karamu za matajiri, akaimba hata mbele ya Sultani. Lakini usiku mwingine alikuwa kwake Ng'ambo, majirani wamejaa, na huko ndiko nyimbo nyingi zilikotungwa. Mtu analeta habari ya siku hiyo, mwengine anatia neno, mwengine anachombeza, mpaka wimbo unasimama. Jambo kubwa alilofanya ni hili: aliimba kwa Kiswahili. Kile kilichokuwa cha jumba la mfalme kikawa cha kila mtu, kwa lugha ya mpika mihogo na mchukuzi wa bandarini. Wanachama wenzangu, tunaposema tunakienzi Kiswahili, tujue kuna mwanamke asiyejua kusoma aliyekienzi kabla yetu.

Hapo ndipo Bombay inapoingia. Mwaka 1928 Siti na wenzake walipanda meli wakavuka bahari hadi Bombay, mji ambao leo unaitwa Mumbai, kurekodi nyimbo zao kwa kampuni ya HMV. Alikuwa miongoni mwa waimbaji wa kwanza kabisa wa Afrika Mashariki kuingiza sauti kwenye santuri, na santuri hizo zilikuwa za kwanza kuvuma kwa Kiswahili. Santuri za wakati huo ziligeuka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja ulibeba dakika 3 hivi tu. Taarab ni muziki wa taratibu, mwimbaji anarudia ubeti, watu wanatunza, udi unazungumza peke yake, saa inapita. Kuukata wimbo kama huo ukaenea katika dakika 3, bila hadhira mbele yako, na kosa moja linaharibu kazi nzima, si mchezo.

Nanyi wapenzi wa filamu za Kihindi, ambao najua mko wengi hata kama mnajificha, shikeni jambo hili. Siti alipofika Bombay, filamu za Kihindi zilikuwa bado bubu. Alam Ara, filamu ya kwanza ya Kihindi yenye sauti, ilitolewa mjini humo mwaka 1931. Maana yake ni kwamba mwanamke wa Fumba aliimba na kurekodiwa Bombay miaka 3 kabla ya waigizaji wa sinema za Bombay kufunguliwa vinywa. Nilipopiga hesabu hiyo nilisimama nikazunguka bweni mara mbili. Mwenzangu wa kitanda cha chini alidhani nimeumwa na tandu.

Santuri hizo zilienea Unguja, Tanganyika, Kenya na mbali zaidi. Ilipofika mwaka 1931, santuri za Siti na wenzake zilizokuwa zimeuzwa zilifika 72,000. Tena gramafoni ilikuwa kitu cha wachache. Mwenye nayo aliiweka mkahawani au barazani, akaipiga kwa kuzungusha mpini, na mtaa mzima ukakusanyika. Santuri moja ilisikilizwa na watu wengi. Wenye masikio mazuri walizijua nyimbo zake kama tunavyozijua nyimbo za matatu.

Lakini waswahili hawakukosea waliposema mti wenye matunda ndio upigwao mawe. Sifa zilipozidi, waliomwonea kijicho walitunga wimbo wa kumtukana. Na walichagua silaha gani? Nguo! Walimkumbusha kuwa alifika mjini amevaa kaniki, wakamwuliza tangu lini akawa mtu, wakasema bila sauti yake hana kitu. Umeona, msomaji? Zaidi ya miaka 20 baada ya utumwa kufutwa, bado kuna watu walioikumbuka nguo aliyokuja nayo.

Siti hakwenda kupigana mtaani wala hakushtaki. Alijibu kwa wimbo. Katika jibu lake alikubali kuwa uzuri wa sura na ukubwa wa nasaba anao nani sijui, si hoja, akasema cha kutazamwa ni akili na tabia ya mtu. Jibu hilo liliwazima. Nami naomba nikiri kitu hapa, manake karatasi hii haina aibu. Nilipokuwa Kidato cha Kwanza nilifika shuleni na sanduku la bati la marehemu nyanya na sweta ya kaka yangu iliyoshonwa kiwikoni. Nilipewa jina la utani kwa ajili ya ile sweta. Sitalitaja, msije mkalifufua. Nililia msalani wiki mbili. Ningalijua habari ya Siti wakati ule, labda ningalilia siku tatu tu.

Wala usidhani Siti aliimba mapenzi peke yake. Aliimba mambo ambayo magazeti ya wakoloni hayakuyapa nafasi. Wimbo unaoitwa Kijiti unatokana na kisa cha kweli cha mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam aliyealikwa kwenye starehe Unguja, akashambuliwa na kuuawa na mtu aliyeitwa Kijiti. Muuaji akatoroka, akavuka bahari kwenda bara. Mahakama ikawafunga wanawake waliofuatana na marehemu, kwa sababu ya pombe iliyonywewa siku ile. Aliyeua yuko huru, waliofiwa na mwenzao wako gerezani. Ng'ambo nzima ilishika tama. Siti akaiimba hukumu hiyo, na kwa kuiimba akaihukumu yeye. Mtu ambaye hakuwa na kiti barazani kwa mahakimu alikuwa na jukwaa, na jukwaa likatosha kuifanya habari ile isisahaulike mpaka leo.

Nikiwa mpenzi wa mambo haya ya sanaa, siachi kumlinganisha na Umm Kulthum wa Misri. Walikuwa wa zama moja, ingawa Siti alimtangulia kwa umri. Umm Kulthum naye alitoka kijijini, naye alipokuwa msichana baba yake alimvika nguo za kiume ili aimbe mbele za watu bila kuleta maneno. Baadaye akaingia katika filamu, ya kwanza ikiwa Widad ya mwaka 1936. Wanawake wawili, nchi mbili, na wote ilibidi watafute vazi la kuwapitisha mlangoni ndipo sauti zao zisikike. Siti hakubahatika kupata sinema kama mwenzake. Bahati yake ilikuwa santuri.

Karibu na mwisho wa maisha yake alizungumza na Shaaban Robert, mshairi wetu mkuu, aliyemwuliza habari zake na kuziandika katika kitabu Wasifu wa Siti binti Saad. Ni moja kati ya vitabu vya mwanzo vya Kiswahili vilivyoandika maisha ya mwanamke Mwafrika, na aliyechaguliwa hakuwa malkia, alikuwa mfinyanzi. Siti alifariki dunia tarehe 8 Julai 1950.

Je, sauti yake ilizikwa naye? Hata! Bi Kidude, aliyejifunza kwa kumsikiliza Siti, aliziimba nyimbo zake hadi uzeeni, tena yeye akiwa uso wazi mbele ya ulimwengu, mpaka akapewa tuzo ya WOMEX mwaka 2005. Bi Kidude alifariki mwaka 2013. Chama cha wanahabari wanawake wa Tanzania, TAMWA, kilipoanzisha jarida lake baada ya kuundwa mwaka 1987, kililiita Sauti ya Siti. Na mwaka 2020 kitukuu chake, Siti Muharam, alitoa albamu ya nyimbo za bibi yake. Miaka 70 baada ya kifo, Siti bado anaimbwa na damu yake.

Sasa turudi Kinango nimalizie, manake najua kengele ya chakula i karibu.

Nilipomaliza kuandika haya nilikuwa nyumbani likizo. Baba alikuwa amekaa nje chini ya mwarobaini. Nikamsomea yote, tangu Fumba hadi albamu, moyo ukinidunda kama ngoma ya sengenya. Hakunikatiza. Nilipokwisha aliniuliza swali moja tu, kama mama huyo alikuwa amesoma. Nikamjibu hakusoma. Hapo nikajua nimeshindwa, manake kila siku ananiambia masomo kwanza, nami nimemletea shahidi asiyejua hata herufi.

Baba akanyamaza kitambo. Kisha akasema, na hapa nasimulia maana wala si maneno yake, kwamba ikiwa mtu asiye na skuli aliweza kuweka kichwani nyimbo zote hizo na kuvuka bahari, basi mimi niliye na skuli na mwalimu na vitabu sina kisingizio katika hesabu. Alama zangu za hesabu, msomaji, tuziache zilipo. Tukakubaliana hivi: nikipanda hadi alama aliyoitaka, ataniruhusu kuimba peke yangu katika tamasha za muziki, na hatauita tena uhuni. Nikishindwa, sindano na jukwaa naviweka kando hadi nimalize Kidato cha Nne.

Nilikesha. Sikuipata alama aliyoitaka. Nilipungukiwa na alama mbili. Nilimpelekea ripoti mwenyewe, nikaiweka mezani, nikasimama. Mama alikuwa jikoni, naye kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikamsikia akiimba wimbo mzima, kwa sauti, akigeuza ugali. Ulikuwa wimbo wa harusi wa zamani wa Kiduruma. Nilikuwa sijui kama anaujua. Baba aliitazama ripoti, akatazama mlango wa jikoni, akaitazama ripoti tena. Mwisho akasema alama mbili ni kitu cha kuongezwa muhula ujao.

Nikaenda tamashani. Nilivaa leso ya mama, doti moja, nimejitanda kichwani kama mabibi wa kale, na sweta nimeiacha bwenini. Hatukushinda. Shule yetu ilitoka ya nne na safari yetu ikaishia hapo, kwa hiyo msije mkaniuliza kombe liko wapi. Lakini nilipoanza ubeti wa kwanza, wale waliokuwa wakinong'ona juu ya leso walinyamaza mmoja baada ya mwingine, na nikaelewa kidogo, kidogo tu, kile ambacho Siti alikijua nyuma ya buibui lake.

Msomaji mpenzi, ukimwona mwenzako na sweta iliyoshonwa kiwikoni, usikimbilie kumpa jina. Huwezi kujua ana nini kooni. Nami niko hapa, darasa la Kidato cha Tatu, dawati la dirishani. Hesabu nazifanya kila jioni. Ukiwa na nguo ya maonyesho iliyochanika, nayo niletee baada ya hesabu.